Ombudsman ana meno wapi, na wapi hana?

Majuzi nilikuwa Ruiri, kule Meru, kumzuru swahiba yangu anayeuza nafaka. Jirani zake waliposikia kuwa naandika makala, kahawa ya jioni ikageuka baraza. Suala lao lilikuwa la ardhi, na kilio chao nakijua tangu Kisauni na Likoni: ofisi ya serikali ikikuambia "njoo kesho" mwaka mzima, uende wapi?

Wengi watakutuma kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki". Kulalamika ni bure, kwa mdomo au kwa maandishi, wala huhitaji wakili. Watu wa Ruiri wana tawi Isiolo, sisi tunalo Mombasa. Tume huiandikia ile ofisi, huitaka majibu, na ikibidi huchunguza. Kesi iliyo mahakamani haiigusi.

Lakini ikishatoa uamuzi, je, ofisi italazimika kuufuata? Hapa ndipo watu huvunjika moyo. Afisa mmoja wa zamani wa bodi ya Ruwaza ya 2030 alilalamika kuhusu mkataba wake, Tume ikapendekeza alipwe fidia, bodi ikakataa. Mahakama Kuu ilikataa kuilazimisha bodi. Mahakama ya Rufani ikampa ushindi mwaka 2019. Kisha mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mapendekezo ya Tume hayaifungi ofisi ya umma. Linalobaki ni Tume kupeleka ripoti Bungeni, na Bunge letu tunalijua kasi yake.

Upo mlango mwingine, na huo nauona bora kwa mnyonge: Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Raia huomba nakala ya faili au sababu ya uamuzi, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, huhesabiwa imekataa, nawe una siku 30 kwenda kwa Tume hiyo hiyo. Katika jambo hili Tume haipendekezi, huamuru. Amri yake huweza kusajiliwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu, isipokatiwa rufaa.

Basi nikawaambia wazee wa Ruiri waombe karatasi kwanza, walalamike baadaye. Mmoja wao alikuwa na barua tatu za malalamiko mfukoni, zimekunjwa hadi zimechanika, na hata moja haikuomba nakala ya uamuzi unaomsumbua.

Na waangalie kalenda. Sehemu za Ruiri zimepitia upimaji na ugawaji wa ardhi chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi, ambayo humpa mtu siku 60 kupinga rejista inapotangazwa, na siku 60 nyingine za rufaa kwa Waziri baada ya pingamizi kuamuliwa. Uamuzi wa Waziri nao ukitoka, mwenye kutaka mahakama iubatilishe ana miezi sita. Barua kwa Ombudsman haizisimamishi siku hizo. Yule mzee akaniuliza zake zimebaki ngapi. Tukaanza kuzihesabu kwa kutazama mihuri ya zile barua.