Etiketi haipaswi kusema uongo: namna ordinatere inaamuru mashini ya kujaza chipu

Ndani ya mita ya umeme, ndani ya muzani wa duka, ndani ya gari lenye kutoka Japani, kuko chipu yenye kubeba programu. Kiwandani, mashini moja inaweza kujaza programu hiyo na kubandika etiketi juu yake, na amri zake zinapita kwa waya mwembamba, herufi moja kisha ingine. Kazi hiyo inagusa swali lenye wakaaji wa Kivu wanajua kwa uchungu, juu ya magunia ya madini: nani alihakikisha kitu cha ndani mbele ya kubandika karatasi ya inje?

Chipu tupu ni sawa na daftari mupya

Chipu yenye kutoka kiwandani ni tupu, kama daftari lenye halijaandikwa. Mashini za kuijaza zilipata kazi nyingi sana kisha mwaka wa 1971, wakati Dov Frohman, muhandisi wa kampuni Intel, alitengeneza EPROM: chipu yenye kuandikwa kwa umeme, kufutwa kwa mwangaza wa ultravioleti, na kuandikwa tena. Juu ya kufutwa, chipu hiyo ilikuwa na dirisha ndogo ya kioo.

Dirisha hiyo ilileta hatari yake. Intel yenyewe iliandika katika maelezo ya chipu yake 2716 kwamba ikiachwa kwenye jua kali, inaweza kufutika kwa karibu juma moja, na chini ya taa za ofisi kwa karibu miaka 3. Ndiyo sababu etiketi ilikuwa na kazi mbili: kufunika dirisha ili mwangaza usiingie, na kusema programu gani iko ndani.

Kazi hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi. Chipu mbili zenye programu tofauti zinafanana kabisa kwa macho: rangi moja, miguu sawasawa, uzito mumoja. Etiketi ikikosewa, hakuna mutu atajua kwa kutazama tu. Atajua siku mashini ya muteja itakataa kufanya kazi, ao itafanya kazi vibaya.

Saa 28 za kazi ya mukono

Tuchukue chipu hiyo 2716. Ilikuwa na okteti 2.048, na kila moja ilihitaji milisekonde 50 ili kuandikwa. Hesabu ni nyepesi: karibu sekonde 100 kwa chipu moja. Mutu mwenye kupewa chipu 1.000, akizijaza moja kisha ingine, alihitaji karibu saa 28, bila kuhesabu wakati wa kuzitia na kuzitoa.

Na tutazame mikono yake inafanya nini. Anatwaa chipu, anaitia kwenye soketi, anabonyeza, anangojea, anaitoa, anaandika etiketi, anaibandika, anaiweka kwenye murija wa plastiki. Kisha mara 300, akili inachoka. Anachanganya murija wa zile zenye kujazwa na ule wa zile tupu. Anachapa namba 12 pahali pa 21.

Ndipo zikatengenezwa mashini zenye kufanya hatua hizo zote. Kampuni Data I/O, ya Redmond katika jimbo la Washington, Marekani, ni moja ya zile zilijulikana sana, na mashini zake za familia ya ProMaster. Mashini ya namna hiyo inachota chipu kwenye murija, inaitia kwenye soketi, inaijaza, inaipima, inaiwekea alama, kisha inaitupa upande wa nzuri ao upande wa mbovu. Lakini mashini haijui leo wanataka programu gani. Inapaswa kuambiwa, na mwenye kuiambia ni ordinatere.

Waya tatu zinatosha

Ordinatere na mashini zinasemezana kwa mulango wa mufululizo, kufwatana na sheria yenye kuitwa RS-232, yenye ilitolewa Marekani mwaka wa 1960. Neno "mufululizo" linasema yote: biti zinapita moja nyuma ya ingine, kama watu kwenye daraja ya mbao yenye haiwezi kubeba wawili. Waya tatu zinatosha: moja ya kusema, moja ya kusikia, na moja ya chini yenye ni ya wote wawili. Volti kati ya 3 na 15 juu ya sifuri inahesabiwa kuwa 0, na volti kati ya 3 na 15 chini ya sifuri inahesabiwa kuwa 1.

Kwa mwendo wa 9.600, wenye ulitumiwa sana, herufi 960 zinapita kila sekonde. Kwa telefone ya leo, huo ni mwendo wa konokono. Lakini programu nzima ya chipu 2716, ikiandikwa katika muundo wa Intel wenye mistari ya okteti 16 kila mumoja, inakuwa karibu herufi 5.760. Inapita kwa sekonde 6. Kwa kazi hiyo, waya haukuwa muzigo. Kungojea chipu iandikwe ndiko kulikula wakati.

Herufi moja, jibu moja

Katika mashini nyingi za Data I/O, lugha ya amri ilikuwa fupi sana. Amri nyingi ni herufi moja tu. H ni salamu: haifanye kitu, inauliza tu kama mashini inasikia. L inasoma chipu ya mufano na kuweka yaliyomo katika kumbukumbu ya mashini. I inapokea programu kupitia waya, na O inairudisha kwa ordinatere. B inahakikisha chipu ni tupu. P inaijaza. V inaisoma tena na kuilinganisha na kumbukumbu. S inaomba jumla ya kuhakikisha. X inaomba namba za makosa yaliyotokea. Z inarudisha uongozi kwa mutu mwenye kusimama mbele ya mashini.

T ni amri yenye inaonyesha hekima ya mafundi. Katika chipu za EPROM, kuandika kunaweza tu kugeuza 1 kuwa 0. Kurudisha 0 kuwa 1 kunaomba kufuta chipu yote. Basi T inatazama mbele ya kazi: je, chipu hii iko na 0 fasi programu inataka 1? Kama ndiyo, hakuna sababu ya kupoteza sekonde 100.

Na mashini inajibu nini? Alama tatu tu. Mushale ">" maana yake: nimefanya. Herufi F: nimejaribu, imeshindikana. Alama "?" maana yake: sikuelewa amri yako.

Tofauti kati ya F na "?" si ya kuzarau. Kwa F, kosa liko katika kazi: pengine chipu ni mbovu, na inafaa kwenda upande wa mbovu. Kwa "?", kosa liko katika mazungumuzo: pengine herufi iliharibika njiani, na chipu haina lawama. Programu ya ordinatere yenye kuchanganya majibu hayo mawili itatupa chipu nzuri, ao itapitisha mbovu.

Kuko kanuni moja ingine: usitume amri ya pili mbele ya kupata jibu la kwanza. Ordinatere yenye kutuma P kisha kuendelea bila kungojea mushale haiongoze mashini. Inasema peke yake.

Jumla ya kuhakikisha

Namna gani ordinatere inajua kwamba programu iliyofika ni ileile iliyotumwa? Mashini inajumulisha okteti zote za kumbukumbu, na kwa amri S inatoa jumla hiyo. Ordinatere inailinganisha na ile iliyoandikwa katika kitabu cha programu hiyo. Okteti moja tu ikibadilika, jumla inabadilika.

Lakini jumla hiyo iko na mupaka wake. Okteti mbili zikibadilishana nafasi, jumla inabaki ileile, kama vile noti mbili zikibadilishana mufuko hazibadilishe pesa zenye uko nazo. Ndiyo sababu hesabu zingine, zenye kutazama pia nafasi ya kila biti, ziliingia kwenye kazi hiyo. Na jumla haiseme kama programu ni nzuri. Inasema tu kwamba ni ileile.

Etiketi inakuja mwisho

Utaratibu muzuri uko hivi: salamu, kuchagua aina ya chipu, kupokea programu, kulinganisha jumla, kupima kama chipu ni tupu, kujaza, kusoma tena. Kisha mushale wa mwisho, etiketi inachapwa, na jina la programu, namba ya toleo na jumla vinatoka katika kazi ileile iliyojaza chipu. Hakuna mutu wa kuchapa namba kwa vidole. Chipu yenye ilipata F haipewe etiketi hata moja.

Gharama ya kuzarau jambo hilo ilionekana Marekani. Mwaka wa 2006, swichi ya kuwashia gari katika kampuni General Motors ilibadilishwa ndani, lakini namba yake ya inje ikaachwa ileile. Swichi ya zamani iliweza kuteleza na kuzima motere njiani, na mifuko ya hewa ya kulinda abiria ikakosa kufunguka. Kwa sababu mbovu na nzuri zilibeba namba moja, wachunguzi walikawia kuelewa tofauti. Mwaka wa 2014 kampuni iliita magari karibu milioni 2,6 ya namna hiyo, na mufuko wa malipo ulikubali madai ya vifo 124. Haikuwa chipu, lakini ugonjwa ni ule ule: namba moja, vitu viwili.

Kutoka kiwandani mpaka Masisi na Walikale

Kwetu, etiketi ni jambo la kila siku. Bati lenye kutoka Bisie, katika Walikale, linaingia katika risasi ya kuunganisha miguu ya chipu. Tantali ya Rubaya, katika Masisi, inaingia katika vipande vidogo vya kutunza umeme pembeni ya chipu hizo. Tangu mwaka wa 2010, mufumo wa ITSCI uliweka etiketi zenye namba kwenye magunia ya madini: moja kwenye shimo, ingine kwa mununuzi.

Mwaka wa 2022, shirika Global Witness lilitoa ripoti yenye kusema kwamba etiketi hizo zilibandikwa pia kwenye madini yenye hayakutoka katika mashimo yaliyokubaliwa. ITSCI ilikataa mashitaka hayo. Lakini swali linabaki, na mashini ya chipu inalionyesha waziwazi: gunia halina amri V. Hakuna namna nyepesi ya kulisoma tena na kulilinganisha na shimo lake. Kila kitu kinategemea mutu mwenye kusimama pale na etiketi mukononi, na kama aliona kwa macho yake ao aliambiwa tu.

Kwa mafundi wa Goma, Bukavu ao Uvira wenye kuandika upya programu za telefone na za motere za magari, utaratibu ule ule unafaa bila mashini kubwa. Soma kwanza yaliyomo na uyatunze. Andika. Soma tena. Linganisha jumla. Ngojea jibu kwa kila hatua. Kisha tu, andika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi: programu gani, toleo gani, siku gani. Fundi mwenye kuandika karatasi hiyo mbele ya kusoma tena anaandika matumaini yake, na muteja ndiye atalipa.