Mtambo uliolimeza Soko la London pauni milioni 75

MACHI 11, 1993 Soko la Hisa la London lilitangaza kuachana na Taurus, mradi wa kompyuta uliokusudiwa kuondoa hati za hisa za karatasi. Soko lilipoteza pauni milioni 75. Pamoja na mabenki na madalali waliokwisha kununua vifaa na kuajiri watu, hasara ilikadiriwa kufikia pauni milioni 400. Mtendaji Mkuu, Peter Rawlins, alijiuzulu.

Haja ya mradi ilikuwa ya kweli. Biashara ilipopamba moto mwaka 1987, makarani walizidiwa na marundo ya hati ambazo hazijahamishwa.

Lakini mpango wa kuwa na daftari moja la wanahisa uliwatisha wasajili wa hisa, kwani kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Wakaridhishwa. Madalali nao walitaka lao, mabenki lao, na kanuni za kuwalinda wawekezaji wadogo zikaongeza mengine. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kukataa. Programu iliyonunuliwa Marekani ikakatwa na kushonwa upya, huku ujenzi ukianza kabla ramani ya mtambo mzima haijakamilika. Fundi wa nyumba angegoma.

Benki Kuu ya Uingereza ndiyo iliyoshika usukani baadaye. Mtambo wake, CREST, ulianza Julai 1996 kwa gharama isiyofika nusu ya zile milioni 75. Siri ilikuwa kupunguza kazi: wasajili walibaki na madaftari yao, mwanahisa aliyependa karatasi aliachiwa karatasi yake, na hisa za makampuni ziliingizwa kwa mafungu hadi Aprili 1997.

Hata hivyo ugonjwa haujaisha. Novemba 2022 Soko la Hisa la Australia, ASX, lilisimamisha mradi wa aina hiyo hiyo baada ya mkaguzi wa nje kukuta kasoro kubwa katika usanifu wake. Kiasi cha dola za Australia milioni 250 kilifutwa vitabuni. ASX ni kampuni ambayo hisa zake zinauzwa sokoni, kwa hiyo waliobeba mzigo ni wanahisa.

Mwekezaji ambaye kampuni yake inatangaza mtambo mpya anaweza kuuliza mkutanoni: nani ana mamlaka ya kukataa nyongeza, na ni sehemu gani itakayoanza kufanya kazi kwanza?