Kosa la Kidole au Kosa la Kifaa?

Yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikiisha saa mbili usiku katika nyumba ya Nandagala, Ruangwa, kinachofuata kinajulikana. Mmoja anashika simu na kusoma namba kwa sauti, mwingine anabonyeza mita kwa mwanga wa tochi. Tarakimu 20. Wakikaribia mwisho, kioo kimeshazisukuma za mwanzo na hazionekani tena. Wanamaliza, mita inakataa. Wanaanza upya, na lawama zote zinamwangukia aliyebonyeza.

Taaluma iitwayo ergonomia inachunguza kama kifaa kinaendana na mikono, macho na kumbukumbu ya anayekitumia. Msimamo wake ni huu: mtu mmoja akikosea, huenda anahitaji kufundishwa; wakikosea wengi, wazee kwa vijana, waliosoma na wasiosoma, kichunguzwe kifaa.

Turudi kwenye LUKU. Urefu wa namba una sababu. Mita nyingi hazina mawasiliano ya moja kwa moja na TANESCO, kwa hiyo tarakimu hizo 20 ndizo zinazopeleka taarifa zote: kiasi cha umeme ulichonunua na muda uliponunua, vikiwa vimefungwa kwa fumbo ili mtu asijitungie namba zake. Ukikosea tarakimu moja, fumbo zima linavurugika, na mita haiwezi kujua ni ipi iliyoharibika. Lakini wewe ungeweza kuijua, kama ungeona ulichoandika. Kioo kinachoonyesha namba zote zikiwa zimetengwa nne nne, na vibonyezo vinavyowaka gizani, vingemaliza sehemu kubwa ya ugomvi huu. Hapo hakuna sayansi ngumu. Kuna mbunifu ambaye huenda aliijaribu mita mezani, mchana, akiwa peke yake.

Mwaka 2024 kasoro nyingine ya mfumo huo ilijitokeza. Mita za aina hii, hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi, zilihesabu muda kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Nafasi hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Ili mita zisianze kukataa umeme mpya, TANESCO iliwataka wateja waingize makundi mawili ya ziada kabla ya namba za manunuzi, jumla tarakimu 60. Wabunifu walibana nafasi ya hesabu hiyo, na zaidi ya miaka 30 baadaye gharama ikalipwa kwa vidole vya bibi ambaye hata hakuwahi kuulizwa. Hesabu mpya inaanzia mwaka 2014, nayo itajaa mwaka 2045.

Mfano wa pili uko shambani. Msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, bloa ya mgongoni inakuwa haipumziki. Bloa nyingi zina injini inayotaka petroli iliyochanganywa na oili. Pikipiki inayompeleka mkulima shambani inatumia petroli tupu. Dumu ni lilelile, rangi ya mafuta haitofautiani sana, na onyo kwenye kifuniko ni kialama kidogo kilichochorwa kwenye plastiki nyeusi, ambacho kikishapakwa vumbi la salfa hakisomeki tena. Alfajiri, kwa haraka ya kuwahi kabla upepo haujaanza, mtu anamimina petroli tupu. Injini inanoki. Kijiji kinasema fulani hajui mashine.

Marubani wa Marekani waliwahi kusemwa hivyohivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi yao walitua salama na ndege za B-17, kisha wakakunja magurudumu ndege ikiwa bado kwenye njia, wakati walikusudia kukunja vibawa vya kupunguzia mwendo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikuta swichi za kazi hizo mbili zimekaa jirani na zinafanana. Dawa yake ilikuwa kuzipa maumbo tofauti, moja kama gurudumu na nyingine kama kabari, ili mkono utambue bila macho. Kwa bloa zetu, kifuniko chekundu chenye neno OILI kwa herufi kubwa kingefanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo mno.

Tusidhani kila mbunifu amelala. Ukituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla pesa haijaondoka. Mbunifu alikubali kwamba vidole hukosea, akaweka nafasi ya kujisahihisha pale ambapo kosa bado halijala pesa.

Kifaa kinapaswa kuendana pia na mahali kitakapotumika, na majirani zetu wa Nachingwea wana kumbukumbu ya gharama ya kulipuuza hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Ardhi, mapori na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya mashine kushushwa. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara ikang'olewa miaka ya 1960.

Somo kwa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za Ruangwa na Nachingwea ni la kivitendo, maana anayenunua kwa pamoja ana sauti kuliko mkulima mmoja dukani. Kabla ya kulipia bloa, mizani au mfumo wowote wa simu, mpeni mkulima ambaye hajawahi kukiona kifaa hicho. Akijaze, akiwashe, akizime, bila mtu kumwelekeza. Kila anapokwama, andikeni. Orodha hiyo iingie kwenye masharti ya ununuzi, na muuzaji arekebishe kasoro hizo kabla fedha haijatoka. Kwa upande wa mita, malalamiko ya namna hii yapelekwe TANESCO na EWURA CCC, baraza la watumiaji, yakitaja kasoro ya kifaa chenyewe.