Kivuli Kifuani: Picha Inayoongoza Sindano

Mkulima wa mpunga wa Bonde la Kilombero akikohoa kwa zaidi ya majuma mawili, jirani zake humdhania kifua kikuu. Dhana hiyo ina msingi, kwani ugonjwa huo ungali mwingi nchini. Lakini je, makohozi yakipimwa na vijidudu visionekane, ilhali picha ya eksirei inaonyesha kivuli pafuni? Hapo yapasa kukumbuka saratani.

Ifakara si mgeni wa utafiti. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha hapo maabara, chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Jirani yake ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Hata hivyo, mgonjwa wa saratani huenda akalazimika kusafiri zaidi ya kilometa 400 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Eksirei ya kawaida hukilaza kifua chote katika picha moja. Uvimbe mdogo waweza kujificha nyuma ya moyo au mbavu. Mashine ya siti-skani, iliyotumika kwa mgonjwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971, wakati huo kwa kichwa tu, huonyesha mwili tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa vipande. Kwa kufuata picha hizo, daktari hupitisha sindano kati ya mbavu, bila kupasua kifua, akachukua kipande kidogo cha kupima. Kwa baadhi ya wagonjwa, uvimbe mdogo huunguzwa kwa joto la ncha ya sindano.

Ugumu ni kwamba pafu halitulii. Kila pumzi huusogeza uvimbe, hasa ulio sehemu ya chini. Aidha, sindano ikitoboa pafu, hewa yaweza kuvuja na kulisinyaza. Ndiyo maana mgonjwa hufundishwa kuzuia pumzi kwa namna ile ile kila picha ipigwapo, nao wataalamu wanaboresha kompyuta zinazoufuata uvimbe katika hatua zote za pumzi.

Nawe una wajibu. Ukikohoa damu, au ukimaliza dawa za kifua kikuu za miezi 6 na kikohozi kisiishe, rudi hospitali upesi. Tena usiitupe picha ya zamani, safiri nayo. Daktari akilinganisha kivuli cha mwaka jana na cha leo, atajua kama kinakua.