Ukokotoaji wa Uchelewaji wa Sauti katika Simu za Pakiti: Mfano wa Magara

Uchelewaji wa sauti ni jumla ya muda unaopita tangu neno litamkwe hadi lisikike upande wa pili. Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU), katika pendekezo G.114, linashauri muda huo usizidi milisekunde 150 kwa mwelekeo mmoja, na mtandao usipangwe kuvuka 400.

Chukulia mfanyabiashara wa mawese aliyeko Magara, kwenye ufuko wa Tanganyika kati ya Bujumbura na Rumonge, anayejadiliana bei na mnunuzi wa Dar es Salaam. Kimya kikifuata baada ya kutaja bei, hudhani mwenzake anasita. Pengine huipunguza kabla jibu halijamfikia.

Lawama hutupiwa umbali. Lakini katika mkongo wa nyuzi za kioo mwanga husafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde; njia ya kilomita 2,000 hugharimu milisekunde 10 tu. Enzi ya setilaiti ndiyo iliyostahili malalamiko hayo. Kabla ya mikongo ya baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, kupanda kilomita 35,786 angani na kushuka tena kulikula takribani milisekunde 240.

Kodeki ya G.729 hukusanya sauti ya milisekunde 20 na kuchungulia 5 za mbele, jumla 25. Pakiti inayotokea ina baiti 20 za sauti na 40 za vichwa (mzigo wa anwani umezidi bidhaa!), yaani biti 480; kwenye kiungo cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua 7.5 kutoka. Mpokeaji akizishikilia pakiti kwa milisekunde 40 ili kusawazisha mwachano wake, jumla pamoja na 10 za njia ni 82.5. Simu hiyo ni njema.

Tatizo kubwa ni foleni. Pakiti moja ya data yenye baiti 1,500 ikitangulia kwenye kiungo hicho, sauti husubiri biti 12,000 zipite: milisekunde 187.5. Jumla sasa ni 270. Kuipa sauti kipaumbele hakutoshi, kwa kuwa pakiti iliyokwisha kuanza kutoka haikatizwi. Yafaa pakiti kubwa zigawanywe. Kipande cha baiti 80 huisubirisha sauti milisekunde 10. Kwenye kiungo cha megabiti 2 pakiti nzima hupita kwa 6, na ugawanyaji hauhitajiki.