“Mambo ya Simu Siyawezi”: Maneno Yanayoweza Kukugharimu Pesa

Kuna maneno tunayoyasikia mara nyingi kutoka kwa wateja: “Mambo ya simu mimi siyawezi, nisaidie tu.” Husemwa na mama mboga aliyepata Till kwa mara ya kwanza, na mwalimu mstaafu aliyenunuliwa simu mpya na watoto wake. Wote wawili wamepiga hesabu za pesa miaka mingi. Lakini menyu ikiwapotea mara moja tu, wanajiita wajinga.

Leo tuongee kuhusu hiyo sauti ya ndani, kwa sababu inagusa pia usalama wa pesa zako.

Aibu na PIN

Ukishajiita mjinga, unaona haya kuuliza mara ya pili. Foleni iko nyuma yako, unaharakisha. Mwishowe unampa mtu simu na kumnong’onezea PIN “akumalizie haraka”. Hapo ndipo hatari inapoanza. Aliye na simu yako na PIN yako ana pesa zako, hata kama leo amekusaidia kwa nia njema.

Matapeli nao wanaijua aibu hiyo. Anayekupigia akidai ametuma pesa kwako kimakosa huongea haraka, hukukaripia, hukufanya ujione mzito wa kuelewa. Anayejidharau hukubali upesi. Aliyetulia husema, “Ngoja niangalie salio langu kwanza.”

Kujigombeza hakufundishi

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba ukijigombeza utakazana. Utafiti mmoja ulionyesha vingine. Mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati. Baadhi yao waliambiwa wasijihukumu vikali, kwani ni kawaida mtihani kama huo kumshinda mtu. Hao ndio waliotumia muda mrefu kuliko wenzao kujiandaa kwa mtihani wa pili. Kujihurumia hakukuwafanya wavivu, kuliwarudisha kitabuni.

Jaribu hivi

1. Jifunzie nyumbani. Usingoje ufike kaunta, watu wakiwa nyuma yako.

2. Anza na pesa kidogo. Jinunulie airtime ya shilingi 20 kwa laini yako, kisha usome ujumbe unaoingia, neno kwa neno.

3. Shika simu yako mwenyewe. Anayekufundisha aelekeze kwa mdomo, wewe ubonyeze. Ikifika PIN, aangalie kando. Mwambie tu: “Mwanangu, nionyeshe njia, nitabonyeza mwenyewe.” Hakuna mtoto mwenye adabu atakayekasirika.

4. Soma kabla ya kuthibitisha. Angalia jina, nambari na kiasi. Kusoma polepole si ushamba. Hata mzoefu hukosea akikimbia.

5. Badilisha maneno. Ukikwama, usiseme “mimi ni mjinga.” Sema “hapa kwa kulipia Till bado sijashika vizuri.” Maneno ya kwanza hayana dawa. Ya pili yanayo, kwa sababu sasa unajua utauliza nini.

Na ukikosea kweli?

Hatutakuficha, kuna makosa yanayogharimu. Ukituma pesa kwa nambari isiyofaa, usikae hapo ukijilaumu. Wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo kupitia nambari rasmi, ukiwa na ujumbe wa muamala. Pesa ikiwa bado haijatolewa, nafasi ya kuirudisha ni kubwa zaidi. Ikishatolewa, mambo huwa magumu. Lawama zinaweza kungoja, lakini ripoti haiwezi. Na hata katika haraka hiyo, usimpe mtu yeyote PIN, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wetu.

Hakuna aliyezaliwa akijua

Huduma ya pesa kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, ilikuwa ngeni kwa kila mtu. Wazee kwa vijana walionyeshwa na wakala, wakauliza, wakarudi kuuliza tena. Ndivyo tulivyojifunza sote.

Kwa hivyo wiki hii, chagua jambo moja ambalo huwa unampa mtu akufanyie, ujifunze kulifanya mwenyewe: kuangalia salio, kulipa stima au kutoa pesa. Ukikwama, tuulize. Ukiuliza mara ya tatu, tutakujibu mara ya tatu.