Mleta Chakula Apewe Bakshishi?

Nairobi, mwendesha bodaboda anayeleta chakula hungoja mkahawani oda ipikwe, kisha hujipenyeza kwenye foleni ya magari, na akifika kwenye fleti mlinzi humzuia getini hadi mwenye oda apokee simu. Muda huo wote oda nyingine zinampita.

Mteja atasema ameshalipa ada ya usafirishaji. Ni kweli, lakini ada hiyo si lazima imfikie yote, na kwa kawaida petroli, matengenezo ya pikipiki na bando la simu hutoka mfukoni mwake.

Bakshishi si deni. Hata hivyo, kwa kazi kama hii, na hasa siku ya mvua, anayeweza kutoa atoe.

Ila aangalie inaishia wapi. Nchini Marekani, kampuni ya DoorDash ilikuwa ikihesabu bakshishi za wateja ndani ya malipo iliyowahakikishia waleta chakula, hivyo mteja alipotoa zaidi, kampuni ilitoa kidogo. Malalamiko yalipozidi mwaka 2019, ilibadili utaratibu huo. Februari 2025 ikakubali kulipa dola milioni 16.75 kumaliza madai ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York. Ule ulikuwa udhalimu mtupu: mteja alidhani anamsaidia kijana wa watu, kumbe anaipunguzia kampuni gharama.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na shilingi 50 ya ziada, mpe mkononi au mtumie kwa M-Pesa yake mwenyewe.